Rimu za aloi zilizochakaa: polishi, rangi, au tanuri la fundi?

Kwa anayetaka jibu kabla ya maelezo: kama gari ni la kila siku na linalala nje, hasa Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, piga rangi ya fedha, malizia na klia, lile tabaka angavu la juu. Polishi ya alumini tupu iachie gari linalotoka Jumapili. Rimu yenye ufa haihitaji polishi wala rangi, inahitaji kustaafu. Hayo ndiyo ninayomjibu kila anayeniuliza, ila zipo hali ambapo jibu linageuka, na nyingi zinategemea kitu ambacho watu hawakiangalii kabla ya kununua msasa: juu ya rimu hiyo kuna nini sasa hivi?

Usiguse msasa kabla hujaitambua rimu

Rimu nyingi tunazoziita spoti rimu ni alumini iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, ikiwa na silikoni kama asilimia 7 na magnesiamu kidogo. Chuma ni kilekile, lakini uso unaouona unaweza kuwa wa aina tofauti kabisa.

Ya kawaida kwenye magari yanayotoka Japani ni rangi ya fedha yenye klia juu yake. Hiyo ndiyo rahisi kuliko zote, kwa sababu chochote ulichoharibu unaweza kukirudia. Nyingine ni alumini iliyong'arishwa, mara nyingi mdomo wa nje tu, katikati pakiwa na rangi. Kuna ya tatu inayochanganya watu: uso wa mbele unang'aa, ndani ya matundu pana rangi nyeusi au ya kijivu. Ukiimulika na tochi kwa pembeni unaona mistari myembamba sana ya mviringo, kutoka katikati hadi ukingoni. Hiyo imekerezwa kwa mashine kiwandani. Mistari ile hairudi kwa mkono, hata uwe na subira ya aina gani. Klia yake ikipasuka, maji hupenya chini na kuchora njia nyeupe zinazopindapinda, na hapo unabaki na mambo mawili: kutafuta fundi mwenye mashine ya kukereza rimu, au kukubali kuipiga rangi yote na kuisahau sura ya zamani. Hata huyo mwenye mashine hawezi kukereza mara nyingi, kwa sababu kila safari anaondoa chuma.

Ya mwisho ni kromu. Kromu halisi ina mng'ao wenye ubaridi wa bluu na ikianza kubanduka inatoa magamba yenye makali ya kukata kidole. Chini yake huwa kuna nikeli, na mara nyingi shaba. Usiipige msasa nyumbani. Kama bado imeshika, ioshe na kuipaka nta. Kama inabanduka, tafuta rimu nyingine.

Ukishaijua, igeuze uitazame kwa nyuma. Huko ndiko utakuta vipimo, na kwenye za Kijapani herufi JWL, alama ya kiwango chao cha rimu za aloi. Nyuma ndiko pia ufa hujificha, hasa spoki inapokutana na pipa la rimu, na kwenye ukingo wa ndani uliogonga shimo. Ufa hauzibwi kwa puti.

Polishi dhidi ya rangi: kazi yenyewe

Watu wengi hudhani polishi ndiyo kazi ndogo, kwa kuwa hainunuliwi rangi. Ni kinyume chake. Rangi inaficha, polishi inaanika. Kila mkwaruzo ulioachwa na msasa wa kwanza utauona kwenye mng'ao wa mwisho, kwa hiyo hakuna namba ya kuruka.

Baada ya kuondoa klia na rangi ya zamani, unaanza na msasa namba 320 (au 240 kama imechubuka sana), kisha 400, 600, 800, 1000, 1500, hadi 2000, yote kwa maji yenye sabuni kidogo. Kila namba mpya unaipeleka upande unaokatana na ule wa kwanza, ili uone mistari ya zamani ilipoishia. Hapo bado hujafika kwenye polishi. Inafuata pedi ya kitambaa kwenye drili na dawa ya kukata, halafu pedi nyingine safi na dawa laini. Tyubu ya Autosol, dawa ya kung'arishia metali, inafaa kwa kumalizia. Brasso ya kung'arishia komeo na vitasa inafanya kazi pia, lakini taratibu mno kwa rimu nzima.

Kuna jambo huwashangaza wanaoanza. Kitambaa kinageuka cheusi tii dakika ya kwanza, unabadilisha kingine, nacho kinageuka cheusi, unahisi rimu bado ina uchafu na unarudi kuiosha. Weusi ule ni alumini yenyewe pamoja na kutu yake, na utatoka siku nzima ukiendelea kusugua. Kipimo chako kiwe uso wa rimu. Futa eneo dogo, lisogeze kwenye mwanga: ukiona ukungu wa kijivu, bado. Ukiweza kusoma namba za gari la jirani ndani yake, hapo pameiva.

Na jiandae kwa matundu. Alumini ya kumiminwa ina vishimo vidogo vya hewa ndani yake, na kadiri unavyokwangua ndivyo vipya vinavyofunguka. Mdomo wa rimu huwa umetulia zaidi. Spoki na kona za ndani ndizo zinazokula mikono. Rimu ya spoki tano nene inavumilika. Ile yenye spoki kumi pacha nyembamba, siipendekezi kwa mtu yeyote mwenye kazi nyingine ya kufanya.

Rangi inadai usafi zaidi kuliko jasho. Unaanzia palipochubuka kwa kugonga ukingo wa barabara: msasa 120 kuondoa vipande vilivyosimama, kisha 240, ukilainisha mpaka wa rangi ya zamani. Pitisha kucha kutoka kwenye rangi kwenda kwenye chuma. Kucha ikikwama, mpaka huo utaonekana hata ukipiga rangi tabaka sita. Palipo na shimo weka puti moja kwa moja kwenye alumini iliyokwaruzwa, kabla ya praima, kwa sababu puti haishiki vizuri juu ya praima ya asidi. Ikikauka, 400, halafu uso wote 600 kwa maji.

Halafu mimina maji safi juu ya rimu. Yakitandaa sawasawa, endelea. Yakijikusanya matone matone, bado kuna grisi au silikoni ya dawa ya kung'arishia matairi, na rangi itafunguka vishimo papo hapo mbele ya macho yako. Rudia sabuni, futa kwa thina, na kuanzia hapo usishike uso huo kwa mkono mtupu.

Praima iwe hiyo ya asidi, ya alumini, inayong'ata chuma. Praima ya kawaida juu ya alumini tupu hubanduka kwa vipande vizima. Rangi ipige tabaka tatu nyepesi kuliko moja nzito, kopo la kupuliza likiwa sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye rimu, dakika 10 hadi 15 kati ya tabaka na tabaka. Klia nayo mbili au tatu.

Swali la kutoa tairi au kutotoa lina jibu la kienyeji zaidi kuliko video za mtandaoni zinavyosema. Kimsingi kutoa ni bora. Lakini kama tairi litatolewa na fundi pancha wa barabarani kwa vyuma viwili na nyundo, atakuchubulia mdomo wa rimu wakati wa kutoa, na atakuchubulia tena wakati wa kurudisha juu ya rangi mpya. Kama huna karibu mwenye mashine, acha tairi mahali pake, toa upepo kiasi na uchomeke kadi ngumu kati ya tairi na mdomo wa rimu, moja ikilalia nyingine, mzunguko mzima. Nyumba gani ya Kitanzania haina rundo la kadi za michango ya harusi? Zinatosha rimu zote nne na zitabaki.

Hali ya hewa ndiyo inayoamua

Alumini iliyoachwa tupu inafanana na sufuria: isugue leo iwake, iache, itafifia yenyewe. Ni metali ileile na tabia ni ileile. Tofauti ni kwamba sufuria haiendeshwi Kigamboni kwenye upepo wa chumvi, wala haipuliziwi vumbi la breki, ambalo ni chembe za chuma zenye moto zinazoganda juu ya uso na kuanza kutu. Kwa gari la pwani, rimu ya polishi itadai kurudiwa kila baada ya wiki chache. Dodoma, Iringa au Nairobi itakaa muda mrefu zaidi, ingawa vumbi la barabara nalo ukilifuta kikavu ni msasa.

Hapo kila mtu huuliza: kwa nini nisipige klia juu ya polishi? Unaweza, na wapo wanaofanya. Lakini klia inahitaji uso wenye mikwaruzo midogo ya kushikilia, na wewe umetumia siku nzima kuiondoa. Jiwe moja likiipasua, maji yanaingia na safari ya zile njia nyeupe inaanza, na sasa huwezi kuing'arisha bila kuivua klia yote. Naona ni kuchanganya udhaifu wa njia zote mbili. Nta ya gari inatosha, nawe ukubali kuirudia.

Rangi ina hali ya hewa inayoichukia pia, ila ni siku ya kazi tu. Msimu wa masika unyevu ukiwa mwingi, klia inaweza kukauka ikiwa na utando mweupe wa maziwa, kwa sababu thina inapopaa inaupoza uso na unyevu unatua juu yake. Subiri siku kavu, fanya kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, kivulini. Rimu iliyoanikwa juani hadi ikaunguza mkono nayo haifai, rangi itakauka kabla haijatandaa. Ikishatoka salama, iache saa 24 kabla ya kuifunga na wiki moja kabla ya kuipeleka kwenye dawa kali za kuoshea.

Udhaifu mkubwa wa rangi ya kopo ni klia yake. Ile ya kawaida huyeyuka ikiguswa na petroli au dawa ya kusafishia breki. Klia yenye hadina, dawa ya kuigandisha, ni ngumu zaidi, lakini ina isosayaneti inayodhuru mapafu, na barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii kitu. Kwa mtu wa nyumbani, uani, watoto wakicheza pembeni, nasema chukua ya kawaida na ukubali kwamba baada ya miaka michache utarudia. Ukitaka ile ngumu, beba rimu zako zilizokwisha kuandaliwa umpelekee fundi rangi mwenye vifaa akupigie klia tu. Kazi kubwa umeshaifanya wewe, kwa hiyo unacholipia ni kidogo.

Tanuri

Rangi ya poda ndiyo yenye kudumu kuliko zote hapa. Poda inashikishwa kwa umeme, kisha inaokwa kama nyuzijoto 180 hadi 200 kwa robo saa hivi, inayeyuka na kuwa ganda moja. Inavumilia changarawe na dawa ambazo zingeng'oa rangi ya kopo. Si kazi ya nyumbani. Oveni ya jikoni haitoshi na wala usiitumie.

Mafundi wenye matanuri wapo Dar na Nairobi, lakini wengi riziki yao ni madirisha, mageti na viti. Rimu ina mahitaji yake. Muulize maswali kabla hujamwachia. Ataondoaje rangi ya zamani? Akisema ataichoma kwa moto mkali, chukua rimu zako uondoke: aloi hii ilipata nguvu kiwandani kwa kupashwa joto lililopimwa, na moto wa nyuzi 350 au zaidi unaifuta kazi hiyo. Je, huoka rimu tupu kwanza kabla ya poda? Anayejua atasema ndiyo, kwa sababu vile vishimo vya hewa hutema gesi kwenye joto na kutoboa rangi. Na ataziba wapi? Sehemu ya nyuma inayokaa kwenye habu (kitovu cha gurudumu) na viti vya nati, yaani mahali nati zinapokalia, havitakiwi kuwa na rangi nene.

Bei yake ni ya juu, na tairi na valvu lazima vitoke. Ndiyo maana wakati mzuri ni pale unapobadilisha matairi: utalipia kufunga na balansi mara moja tu.

Njia za mkato

Rangi ya mpira inayobanduka, kama Plasti Dip, inafaa kwa mtu anayetaka kuona rimu nyeusi zitamkaaje kabla hajaamua. Haifichi mchubuko, na petroli inaiyeyusha.

Kununua seti ya mtumba Gerezani (Dar) au Grogan (Nairobi) mara nyingine ni nafuu kuliko kufufua iliyokufa, hasa kama mbili kati ya nne zimepinda. Angalia tu vipimo. Vitz na IST ya kwanza ni nati nne kwa 100, yaani nati nne kwenye duara la kipenyo cha milimita 100. RAV4 na Mark X ni tano kwa 114.3. Tazama pia kiti cha nati: rimu nyingi za kiwandani za Toyota zinatumia nati zenye washa bapa, wakati rimu za kununua nje zinataka nati zenye koni. Nati isiyo yake inaweza kujifungua barabarani.

Kisha kuna wauza maji ya kuosha rimu, wanaokuonyesha maajabu ndani ya sekunde kumi. Baadhi ya dawa hizo zina asidi ya haidrofloriki, inayopenya ngozi na kuendelea kuunguza ndani. Kostiki soda nayo inaitafuna alumini, inatoa gesi ya haidrojeni na kuacha uso mweusi. Hizo siziweki hata kwenye ulinganisho.

Ningechagua nini

Una Premio yenye rimu za rangi ya fedha, zimechubuka kingo mbili na klia imekufa: rangi ya kopo, tairi likiwa mahali pake, wikiendi moja. Piga zote nne kwa pamoja na kwa rangi ya duka moja, kwa sababu rangi ya fedha ina chembe zinazolala tofauti kila mkono unapobadilika, na rimu iliyopigwa mwezi ujao haitafanana. Hapa pana usumbufu: anayefanya moja moja kwa kutumia spea hawezi kupata hiyo nafasi. Panga gari lisiloondoka, likae juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi. Ukilazimika kutembea na spea nyembamba, nyingi zimeandikwa mwisho kilomita 80 kwa saa.

Una gari la zamani lenye rimu pana na mdomo mnene, linalala gereji, uko Arusha au Nairobi, na unaona raha kukaa na kitambaa: polishi, mdomo tu, katikati piga rangi. Ni mchanganyiko ninaoupenda kuliko yote, na hauchoshi kama kung'arisha rimu nzima.

Una gari la biashara, Noah au Hiace ya njia za vumbi: poda siku ya kubadilisha matairi. Kama hesabu haikubali, ziache na uchakavu wake. Abiria hapandi kwa sababu ya rimu.

Una rimu iliyokerezwa na klia bado nzima: ioshe kwa shampuu ya gari, weka nta, na kaa mbali na kingo za barabara.

Kwa wote, siku ya kurudisha magurudumu: kwangua rangi yoyote iliyoingia kwenye viti vya nati na kwenye uso unaogusa habu, maana rangi ikisagika hapo nati inalegea. Kaza kwa kuvuka, nati hii kisha ya mkabala wake, kwa spana ya kupima nguvu ya kukaza. Toyota nyingi ndogo ni Nm 103. Endesha kama kilomita 100, halafu zikaze tena.